Maji ya Nyuma ya Nyumba ya Emama Zerfe

Sene 27

Mwezi wa Sene unaisha, mvua kubwa zinaanza, nami nimepata chumba. Gari la ofisi lilinishusha barabarani, pale lami ilipopasuka na kudidimia upande mmoja, nikapanda mlima kwa miguu, begi kichwani, matope hadi kwenye ugoko. Wakubwa wetu wa Addis Ababa wanataka kujua kama mlima huu wa Woyra Amba unatembea, na kama unatembea, kwa kasi gani, maana barabara ikikatika wilaya nzima itakosa njia. Nyumba zilizo juu ya barabara hakuna aliyezitaja. Nimeziona mwenyewe, na zote zinafuka moshi.

Mwenye nyumba wangu ni Emama Zerfe, mjane, mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo. Magoti yamemkaza, anatembea kwa kushika ukuta. Alikagua viatu vyangu, akakagua suruali, kisha akauliza:

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, Emama. Naitwa Asele, ni mhandisi wa udongo."

"Kwani udongo unaumwa?"

"Wa hapa nadhani unaumwa."

"Sasa si udaktari huo! Ingia, mvua inakuja."

Sene 30

Gashe Demissew, fundi wetu mzee, amefika na mashine yake ya kuchoronga. Amechoronga milima yote ya kaskazini na hajaupenda hata mmoja. Alianza kulalamika kabla hajashuka garini: njia mbaya, hewa nyembamba, kahawa ya mtungi wa jana. Lakini mkono wake ni mwepesi. Kufikia jioni tulikuwa tumetoboa hadi kwenye mwamba, na katikati tukakuta nilichokuwa nakiogopa, tabaka la mfinyanzi mweusi, laini, linalong'aa ukilikata. Juu yake kuna kijiji, kanisa na mashamba ya shayiri.

Shimoni tumeshusha bomba refu lililonyooka. Mlima ukisogea, bomba litapinda, na kipimo ninachokiteremsha kwa waya kitaniambia limepinda wapi na kiasi gani. Shimo la pili ni la maji. Humo nashusha kamba inayolia ikigusa maji, basi najua yamepanda au yameshuka.

Hamle 4

Mvua.

Hamle 5

Mvua. Mlima umetulia. Gashe amelalamikia mvua, halafu akalalamika kwamba mlima umetulia na sisi tunakaa bure.

Hamle 9

Emama hataki nile chumbani. Tunakula sinia moja, yeye na mimi, injera, mkate wetu mwembamba na laini, na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, na kabla sijashiba ananikunjia tonge kubwa na kunisukumia mdomoni kwa mkono wake. Ukikataa anakununia. Ukikubali anakunja jingine.

"Miaka thelathini na minne," alisema leo, "na huna mume, huna mtoto. Unalala na waya."

"Waya haukoromi, Emama."

"Mume wangu alikoroma miaka arobaini. Sasa nalala kimya, na kimya chenyewe hakinipi usingizi. Fungua mdomo."

Hamle 14

Asubuhi nilisikia Emama akipiga kelele nyuma ya nyumba nikajua nyoka. Nikatoka mbio na koleo. Hakuwa nyoka. Chini ya mzizi wa mzeituni mwitu, mahali palipokuwa pakavu jana, yalikuwa yanatoka maji, safi, baridi, yanabubujika taratibu. Emama alikuwa ameketi kwenye tope, mtandio mweupe umelowa, anajipiga ishara ya msalaba mara kwa mara.

"Asele! Maria ametutembelea!"

Niliinama nikayagusa. Sikumwambia nilichokuwa nakiwaza. Nilikwenda kwenye shimo langu la maji, nikashusha kamba, ikalia mapema mno. Maji yamepanda ndani ya mlima kimo cha mtu mzima tangu juma lililopita. Mlima umejaa, na sasa unachuruzika.

Hamle 19

Abba Tinsae, padri wa hapa, alikuja na msalaba wake na mwavuli wa rangi rangi, akayabariki maji. Wanawake wamekuja na madumu kutoka vijiji vya ng'ambo. Wanaume nao hawakutaka kupitwa, wakabeba mawe na kujenga kidimbwi, ili maji yasikimbie na wagonjwa wapate kuoga.

Nilimfuata padri pembeni. "Abba, tafadhali, msiyazuie. Yakituama pale yanazama tena ardhini, na ardhi imeshalewa. Yaacheni yateremke."

"Binti yangu, wataoga vipi maji yanayokimbia?"

"Wakinge kwa kopo."

"Kipooza akinge kwa kopo?" Akatabasamu na kunipa msalaba niubusu. Niliubusu. Mtu mgumu huyu, na ana heshima zake, jambo linalofanya iwe vigumu zaidi kumgombeza.

Hamle 25

Emama Zerfe ametembea.

Kila alfajiri amekuwa akiingia kidimbwini na kukaa mpaka midomo inakuwa ya buluu. Leo alitoka, akajifunga mtandio, akaupita ukuta bila kuushika. Akaendelea hadi kwa jirani. Kisha hadi kanisani! Wanawake walipiga vigelegele njia nzima, nami nilikuwa nyuma yake nikilia kama mjinga na vifaa vyangu begani.

Jioni niliteremsha kipimo. Bomba limepinda milimita mbili, pale pale penye mfinyanzi mweusi.

Nehase 1

Mfungo wa Maria umeanza, wiki mbili hizi hakuna nyama, maziwa wala siagi. Hata watoto wanafunga. Gashe analalamika kwa niaba ya wote.

Nehase 5

Niandike hili vizuri, labda nitalielewa.

Ofisi imekubali tuyatoe maji mlimani. Tumeleta mabomba yenye matundu, na Gashe ameyaingiza mlimani kutoka chini, karibu na barabara, yakiwa yameinuka kidogo ili maji yateremke yenyewe. Kazi yake ni rahisi kueleza: mlima umekunywa kupita kiasi, tunaukamua. Matatu yamekwisha ingia. Yanatoa maji mchana na usiku, na ile sehemu ya chini imeanza kutulia. Addis wamefurahi, barabara yao iko salama.

Ila sehemu ya juu, yenye nyumba, haijatulia. Imeongeza mwendo. Nimechora na kuchora upya, na kila nikichora jibu ni lile lile. Linahitajika bomba la nne, refu, lipite chini ya ua wa Emama mpaka kwenye mshipa wa maji wenyewe. Nikilitia, nyumba zitapona. Nikilitia, chemchemi itakauka. Yote mawili sina shaka nayo.

Mhandisi wa ofisini amenipigia simu kusema tusichokoze wanakijiji, kazi tuliyotumwa ni barabara, nifungashe virago. Nimemwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Emama jioni ameniuliza, kama anavyouliza kila siku kuhusu mlima, "Mgonjwa wako hajambo?" Nikajibu, hajambo kidogo. Akanilisha tonge.

Nehase 8

Nimemwambia. Alikuwa anachambua dengu uani, miguu ameinyoosha juani, anaichezesha vidole kwa raha. Nilimwambia yote: mfinyanzi, maji, bomba la nne.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nilipokuwa natambaa na ukuta kwenda chooni, ofisi yako ilikuwa wapi?"

"Emama, sikusema—"

"Nauliza tu. Ilikuwa wapi? Mungu amenifungulia maji mlangoni, wewe unakuja na chuma kuyafunga. Nimekulisha kwa mkono huu."

"Mlima utaiangusha nyumba yako!"

"Uiangushe. Nitaikimbia. Si natembea?"

Nehase 9

Leo chakula changu kimewekwa kwenye sahani peke yake.

Nehase 10

Sahani peke yake. Injera imekunjwa vizuri, shiro ya kutosha, hakuna alichopunguza. Nimekula chumbani na sikusikia ladha.

Nehase 12

Milimita tano kwa siku mbili. Nimepima, nikapima tena, nikapanguza kipimo nikapima tena.

Nilikuwa bado nimeinama juu ya shimo nilipoona viatu vya Abba Tinsae. Nikajiandaa kwa ugomvi. Yeye akachuchumaa, akakunja kanzu isilowe, akaniomba nimwonyeshe. Nikampa waya aushike. Aliushusha polepole, kwa uangalifu kuliko Gashe, nikamsomea namba za leo na za juma lililopita.

"Na hii namba ikiendelea kukua?"

"Siku moja haitakuwa namba tena, Abba. Itakuwa udongo."

Aliurudisha waya. "Unapoogopa, unafanya nini?"

"Napima tena."

"Mimi nasali tena." Akacheka kidogo. "Siwezi kuwaambia watu wayakaushe maji niliyoyabariki mimi mwenyewe. Hilo lazima walitake wao. Ila kidimbwi hakikufunguliwa na Mungu. Kile tulikijenga sisi."

Akaenda moja kwa moja, akapandisha mikono ya kanzu, akaanza kuyang'oa mawe mbele ya watu wote. Walipiga makelele. Akawaambia mwenye kutaka baraka akinge kwa kopo, na kipooza yeye mwenyewe atamkingia. Nimemdhania vibaya mtu huyu kwa karibu mwezi mzima.

Nehase 15

Ufa umepita katikati ya sebule ya Emama. Asubuhi mlango ulikataa kufunga. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na Abba Tinsae pamoja nami, na familia zote zimehamia kwenye banda ambalo kanisa linalo ng'ambo ya korongo, ambako ardhi ni mwamba. Zote ila moja.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda upande wa pili wa ufa, mtandio umefunika kichwa, chungu cha kahawa hakina moto.

"Emama, twende."

"Nenda wewe, kijana."

"Sitoki hapa bila wewe."

"Basi kaa tukae."

Nikakaa chini. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulilazimika kupaza sauti. Mwishowe alisema, bila kunitazama:

"Unadhani mimi ni mkaidi. Mimi si mkaidi, mimi nimehesabu. Ukitia chuma chako, nitarudi kushika ukuta, na nitaushika mpaka nife. Usipotia, mlima utanichukua nikiwa natembea. Mlima uje. Kutembea ni kutamu, Asele. Wewe hujui, kwa sababu hujawahi kukosa. Nimekwenda kanisani kwa miguu yangu. Nimekwenda kumwona mtoto mchanga wa jirani yetu Kassaye. Nimechuma mwenyewe majani ya kabichi."

Miaka yote niliyosoma, na ile ya kushinda mashimoni, hakuna aliyenifundisha la kumjibu mtu kama huyu. Nikamwambia kweli niliyokuwa nayo.

"Emama, magoti siyajui. Ningeyajua ningeanza na hayo, ningeacha mlima ujiporomokee. Mimi najua udongo tu. Na ninaujua huu. Ukibaki humu utakufa, na mimi nitakuwa niliona kabla na sikukubeba. Nakupenda. Sitaweza kuishi na hilo."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unasema 'nakupenda' kwa sauti kubwa hivyo, kama unauza vitunguu."

"Mvua, Emama. Usingesikia."

Akacheka, akajaribu kuacha, akacheka tena. Kisha akanyoosha mkono juu ya ufa ili nimwinue. Tulivuka korongo yeye akitembea mwenyewe, mimi nyuma, mikono nimeitanguliza endapo atateleza. Hakuteleza hata mara moja.

Nehase 16

Sikukuu ya Maria, mwisho wa mfungo. Baada ya ibada watu hawakutawanyika. Walikaa bandani, wamelowa, wanataka lisemwe la kusemwa.

Kassaye, jirani wa Emama, mwenye watoto sita, alisimama wa kwanza. Akasema wageni wachoronge kwao. Maji yale yamewapa jina, watu wanakuja kutoka mbali, na kukausha maji ya Maria katika sikukuu ya Maria ni kutafuta laana. Wengi walimwitikia. Gashe Demissew akaninong'oneza kwamba gari lina mafuta, kama ningependa kuondoka na meno yangu.

Abba Tinsae akasema, "Mimi siwezi kufunga kilichofunguliwa na Mungu. Na siwezi kuwazika nyote siku moja. Semeni ninyi."

Kelele zikaanza upya. Katikati yake nikamwona Emama Zerfe anainuka. Hakushika ukuta. Alitembea mpaka mbele, taratibu, kila mtu akiitazama miguu yake, na watu wakanyamaza wenyewe.

"Kassaye, uliumwa nini wewe?"

"Mimi, Emama? Siumwi."

"Mkeo je? Watoto? Nani hapa aliyepona kwa maji yale? Anyanyue mkono."

Hakuna mkono ulionyanyuka. Mwanamke mmoja alisema upele wa mwanawe ulipungua.

"Upele ulipungua. Nimesikia. Anayetembea ni mimi. Kwa hiyo maji yale ni ya magoti yangu, na nyinyi mnayagombea kama wenye magoti. Kassaye, mwanao mchanga nimempakata juzi. Anafanana na mama yake, ashukuriwe Mungu. Alilala juu ya mlima ule mpaka jana." Akapumua. "Mimi nimekwisha tembea. Nimetembea wiki tatu. Yeye hajatembea hata siku moja."

Kassaye aliketi.

"Mwacheni mtoto achimbe," akasema Emama, akanielekeza kwa kidevu, kisha akarudi mahali pake, bado kwa miguu yake. Nilitaka kumkimbilia, lakini alinikatalia kwa macho, akataka kwanza afike mwenyewe.

Nehase 17

Tumechoronga tangu alfajiri. Gashe hakulalamika hata neno moja, jambo lililonitia hofu. Tulipofika kwenye mshipa mashine ilibadili sauti, likatoka tope, kisha maji ya rangi ya chai, kisha yakaanza kuruka nje kwa nguvu hadi Gashe akalowa kofia. "Haya sasa," akasema, "nimelowa," na uso wake ulikuwa unameremeta.

Nehase 19

Chemchemi imekauka. Chini ya mzizi kumebaki unyevu tu.

Milimita moja tu kwa siku mbili.

Nehase 24

Kamba inashuka muda mrefu kabla ya kulia. Mlima umesimama. Kassaye na wanawe wamekuja kuuziba ufa wa Emama kwa udongo na samadi, hawakuombwa. Watu wamerudi makwao.

Emama amerudi kwenye ukuta. Kwanza alikuwa akiugusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu moto. Leo ameuegemea. Tunakula sinia moja tena, ila yeye anakula kidogo.

Pagume 1

Magoti yamevimba. Kila jioni namkanda kwa mafuta ya mbegu za nugu yaliyopashwa moto. Leo nilimwambia, "Nisamehe, Emama." Akasema, "Kanda, usiongee. Ukiongea mkono unalegea."

Ofisi imenipangia mlima mwingine. Pagume ni mwezi wa siku chache tu, kisha mwaka mpya; nitaondoka baada ya hapo.

Pagume 3

Leo ni sikukuu ya malaika Rufaeli, siku ambayo mbingu zinafunguliwa, mvua ni baraka, mito ni baraka, hata dimbwi la njiani. Ilianza kunyesha kabla hatujanywa kahawa. Watoto wa Kassaye walitoka uchi wakipiga kelele, mama yao nyuma yao na mtandio wake, na Abba Tinsae alipita njiani amelowa chapachapa bila mwavuli, ananipungia mkono.

"Asele," Emama aliita kutoka ndani. "Nibebe."

"Nikutoe uani?"

"Uani nitafika mwenyewe. Nipeleke kwenye chuma chako."

Nilichuchumaa, akanishika shingo, nikambeba mgongoni kushuka mlima mzima, kwenye ule mteremko nilioupima kila siku ya mvua hii. Ni mwepesi mno. Njiani alinikosoa kila ninapokanyaga. Kule chini nikamketisha kwenye jiwe, mbele ya bomba la nne, maji yakimwagika juu ya miguu yake.

Aliyakinga kwa viganja akayaonja. "Ndiyo yale ya nyuma ya nyumba?"

"Yale yale, Emama. Nimeyafuata kutoka juu mpaka hapa. Hayajapotea hata tone."

"Na leo yote yamebarikiwa. Hata ya bomba."

"Hata ya bomba."

Akavuta nguo juu ya magoti, akayaachia maji. Mvua ilitunyeshea wote wawili. Tulikaa hadi meno yakaanza kugongana, kisha nikachuchumaa tena, akapanda mgongoni, tukaanza kurudi.

Nilikuwa naogopa kuuliza, lakini niliuliza. "Vipi magoti?"

"Yanauma kama jana."

Nikatembea. Nilikuwa nalia, na kwa mvua ile nilidhani haionekani kwamba nalia. Nikasikia kifua chake kinatikisika mgongoni kwangu. Nilidhani naye analia, kumbe anacheka.

"Emama, sasa unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu unanirudisha nyumbani," akasema sikioni mwangu, "na nyumba ipo."